Kujijengea jina kama frilansa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua eneo la kubobea

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaojiajiri hapa Mombasa: waandishi, wapiga picha, wabunifu wa nembo na mabango, wafasiri, watengenezaji wa tovuti, na wanaosimamia kurasa za biashara za watu mitandaoni. Majibu yana msimamo wake, na ni vyema uujue mapema: eneo la kubobea, yaani aina ya kazi na wateja unaotaka kujulikana nao, huchaguliwa kwa kuanza na watu unaowafahamu, ujuzi unafuata baadaye. Soma swali linalokuhusu, si lazima uanze la kwanza.

Kwani ni lazima nichague eneo moja? Nikikubali kila kazi si nitapata wateja wengi zaidi?

Si lazima. Mwanzoni kodi ya nyumba haisubiri ubobezi, kwa hivyo chukua kazi zinazokuja. Ila tofautisha kazi unazozifanya na kazi unayojitangazia. Unaweza kubuni nembo ya saluni wiki hii na kupanga wasifu wa mtu wiki ijayo, huku ukurasa wako ukizungumzia jambo moja tu.

Sababu ni namna kazi zinavyopatikana hapa kwetu. Nyingi hupita mdomoni kabla hazijafika mtandaoni. Meneja wa hoteli akimwuliza mwenzake, "Unamjua mtu wa kompyuta?" atapewa majina hata kumi, na lako likiwemo ni bahati. Akiuliza, "Unamjua mtu anayeweza kuwajibu wageni wa Kijerumani wanaoandika maoni yao kuhusu hoteli?" kuna jina moja, pengine mawili. Watu huvuka feri kutoka Likoni kumfuata fundi mmoja wa kanzu Mji wa Kale, ingawa fundi huyo huyo anajua kushona suruali na mapazia. Wanamtaja kwa kanzu, na akishawashonea kanzu wenyewe humwuliza kama anashona na mapazia.

Basi nitachaguaje?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hivyo jibu ni refu.

Wengi huanza kwa kusema "mimi ni mbunifu" au "mimi ni mwandishi", kisha wanatafuta mtu wa kumwuzia. Geuza mpangilio huo. Chukua karatasi uandike makundi ya watu ambao kazi yao unaijua kwa ndani. Huenda umelelewa na baba aliyefanya kazi bandarini. Huenda ulikaa mapokezi ya hoteli misimu miwili, au shangazi yako hupika biriani la harusi, au ulifundisha chekechea, au ulisomea uuguzi ukaacha katikati. Kila kimoja kati ya hivyo ni mtaji, hata kama hukuwahi kukihesabu.

Kwa kila kundi jibu maswali matatu. Wana shida gani inayowapotezea pesa? Hivi sasa wanamlipa nani kuitatua? Na ni nani kati yao ninayeweza kumpigia simu leo akaipokea? Swali la tatu ndilo linalorukwa, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Kama huna watu watano wa kuwapigia, basi kundi hilo unalitamani, hulijui bado.

Kisha nenda ukawasikilize. Usiwaulize kama wangependa huduma yako. Watu wa Pwani hawamvunji mtu moyo, watakwambia "inshallah, tutakutafuta" na utarudi nyumbani ukiamini una wateja. Uliza yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho mlipotaka kazi hii mlimpa nani, mlilipa kiasi gani, na nini hakikuwaridhisha. Mtu akieleza pesa aliyokwisha kuitoa hana sababu ya kukupamba maneno. Ukizungumza na watu wanane au kumi na hakuna hata mmoja aliyewahi kulipia jambo hilo, shika kundi lilelile utafute shida nyingine.

Ukishapata, liandike kwa sentensi moja ambayo mama yako anaweza kuirudia kwa jirani. "Ninawaandikia mawakala wa forodha maelezo ambayo wateja wao wa Kampala na Kigali wanayaelewa." Linganisha na "mtaalamu wa suluhisho za kidijitali". Hiyo ya pili hakuna jirani atakayeirudia, kwa sababu hajui amtajie nani.

Mombasa ina nini ambacho mtu wa Nairobi hawezi kukifanya vizuri kuliko mimi?

Ina mambo mengi, na inasikitisha kuona vijana wa hapa wakinakili kurasa za watu wa Nairobi ilhali mlangoni kwao kuna kazi ambazo mgeni zingemchukua miaka kuzielewa.

Anza na bandari. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia Kilindini. Nyuma ya kila kontena kuna mwenye mali aliye mbali, hajui mzigo wake umefikia wapi, na anaogopa gharama za kuchelewa baada ya siku za kuhifadhiwa mzigo bila malipo kwisha. Kampuni za uwakala wa forodha ni nyingi mjini, na tovuti za nyingi kati yao zinasema maneno yaleyale: huduma bora, bei nafuu. Mwandishi anayeweza kumweleza mfanyabiashara wa Juba, hatua kwa hatua, mzigo unapitia wapi na ni karatasi gani ikikosekana unakwama, ana kazi ya miaka. Tangu reli mpya ya SGR ianze kubeba mizigo 2018, sehemu ya mizigo hupelekwa bara kwa treni, na hilo nalo lilileta maswali mapya kwa wateja. Chai ni hivyo hivyo: mnada wa Mombasa huuza chai kutoka nchi kadhaa za Afrika, na tangu 2020 umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Madalali, maghala na wapakiaji wa chai wanahitaji ripoti, picha na maandishi kutoka kwa mtu anayejua wanachozungumzia.

Halafu kuna bahari yenyewe. Mpiga picha aliyezaliwa hapa anajua kwamba wakati wa kusi mwani hutupwa ufuoni, na kwamba picha za pwani nyeupe hupigwa kaskazi. Anajua pia kuangalia maji yanajaa saa ngapi, maana picha ya bwawa la hoteli maji yakiwa yamekupwa huonyesha miamba na matope nyuma yake. Mpiga picha anayeletwa kwa ndege siku mbili huyajua hayo akiwa amechelewa. Wewe liandike jambo hilo kwenye ukurasa wako waziwazi, kwa sababu meneja wa hoteli akilisoma ataona kuwa unamwelewa.

Na harusi. Siku ya kupamba ni ya wanawake watupu, bibi harusi na wageni wamejiachia, na familia huogopa picha zisije zikavuja. Mpiga picha wa kike anayeahidi kwa maandishi kwamba wasaidizi wake wote ni wanawake, kwamba kadi za kumbukumbu zinakabidhiwa familia, na kwamba hakuna picha itakayobaki kwenye simu ya mtu, ana eneo ambalo mwanamume hawezi kuliingia hata awe na kamera ya bei gani.

Mimi ni mfasiri. Kiswahili si ndiyo eneo lenyewe?

Kiswahili ni soko pana mno kuwa eneo. Ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa siku yake 2021, na Umoja wa Afrika ukaipokea kuwa lugha ya kazi 2022. Kwa hivyo mahitaji yapo, na washindani wapo vilevile kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam na Zanzibar. Chagua ndani yake: fomu za idhini za hospitali na utafiti wa afya, mikataba, programu za simu, manukuu ya filamu, au kusoma kwa sauti.

Tahadhari moja inayowahusu watu wa hapa. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, lakini lahaja ya Mombasa haikuchaguliwa. Kimvita chako kitakusaidia kwenye tangazo la redio au mchezo wa kuigiza wa Pwani, na hapo ni dhahabu. Kwenye fomu ya hospitali itakayosomwa Kakamega na Mwanza, mteja anataka sanifu. Onyesha mifano ya yote mawili ili ajue unaitambua tofauti.

Wateja wangu wako Ulaya na Marekani. Mambo ya bandari na harusi yananihusu nini?

Huenda hayakuhusu. Kanuni ya kuanza na watu bado ni ile ile, ila watu wenyewe wako mbali. Kama umefanya kazi za msaidizi wa mbali kwa madaktari wa meno watatu, basi unawajua madaktari wa meno: jitangazie hao.

Usidharau saa zetu, hata hivyo. Saa za Riyadh ni sawa na zetu, Dubai wametutangulia kwa saa moja tu, na London wako nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kulingana na msimu. Mtu wa Mombasa anayemhudumia mteja wa Ghuba hahitaji kukesha, na uhusiano wa mji huu na nchi za Ghuba ni wa karne nyingi. Wachache sana hutaja hilo kwenye kurasa zao.

Kuhusu majukwaa ya kutafutia kazi mtandaoni: Fiverr hukata asilimia 20 ya unachopata. Si haramu kuanzia pale, ila jina unalolijenga kule ni nyota zilizo kwenye nyumba ya mtu mwingine. Uwe na tovuti yako pia, hata ya kurasa mbili.

Na weka njia ya pili ya intaneti. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika hapa 2009 na EASSy 2010, lakini Mei 2024 hitilafu kwenye SEACOM na EASSy ziliyumbisha intaneti ya Afrika Mashariki nzima. Mteja wa mbali husamehe kuchelewa akijulishwa mapema kwa ujumbe mfupi.

Sina kazi za kuonyesha. Nianzie wapi?

Tengeneza mbili au tatu bila kuagizwa, kwa biashara za kundi ulilochagua. Kwa mfano, andika ukurasa wa kampuni ya uwakala wa forodha uliyoibuni mwenyewe, useme wazi kwamba ni zoezi. Kazi tatu za eneo moja zina nguvu kuliko kumi na tano zilizochanganywa.

Ukishaanza kuagizwa, kuna jambo la kisheria ambalo mafrilansa wengi hawalijui. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake, kuiweka nembo uliyomchorea kwenye ukurasa wako si haki yako ya moja kwa moja. Weka mstari mmoja kwenye makubaliano: "Mbunifu anaruhusiwa kuonyesha kazi hii kama mfano wa kazi zake." Hata makubaliano yakiwa ni ujumbe wa WhatsApp, mstari huo uwemo.

Kazi zangu ni za siri, kama hizo za harusi. Nitajengaje jina bila kuonyesha?

Onyesha kilicho karibu na kazi yenyewe: mapambo ya ukumbi kabla ya wageni kuingia, hina mkononi, nguo zilizotundikwa. Omba ushuhuda wa maandishi kutoka kwa mama wa bibi harusi, kwa jina ambalo yeye ataridhia. Na eleza utaratibu wako wa kulinda picha kwa kirefu, kwa sababu kwa mteja huyo utaratibu ndio bidhaa.

Sheria iko upande wako pia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imekwisha kuziadhibu taasisi zilizochapisha picha za watu bila idhini yao, ikiwemo shule. Anayesimamia kurasa za hoteli au shule aizingatie mno: mgeni aliyeketi kando ya bwawa hajakuruhusu kumweka Instagram kwa kuwa tu amelipia chumba.

Je, ni lazima nionyeshe uso wangu?

Hapana. Watu hukuamini kwa uthabiti wa kazi, sauti na maandishi. Dada anayevaa nikabu anaweza kurekodi sauti yake akieleza kazi huku skrini ikionyesha mikono au kompyuta. Kinachohitajika ni jina moja, picha moja ya utambulisho isiyobadilika kila mwezi, na namna moja ya kuzungumza.

Nitumie jina langu au jina la biashara?

Kama unachouza ni akili na mikono yako, tumia jina lako. Kama unatarajia kuajiri watu au kuja kuiuza biashara, tafuta jina la biashara na ulisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kulisajili jina la biashara hakukupi ulinzi wa alama ya biashara. Hilo ni ombi tofauti linalopelekwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara.

Niandike kwa Kiswahili, Kiingereza au Sheng?

Kwa lugha anayolipia mteja wako. Mwenye duka la vitenge Biashara Street na mkurugenzi wa kampuni ya meli hawasomi ukurasa mmoja. Ukichanganya, tenga: ukurasa rasmi kwa lugha moja, stetasi za WhatsApp kwa lugha nyingine.

Wazee husema kizuri chajiuza. Kujitangaza si kujitembeza?

Methali hiyo ina heshima yake, na ilifaa soko ambalo mnunuzi hupita mbele ya bidhaa. Kazi yako haipitiwi na mtu. Imo ndani ya kompyuta yako. Kueleza unachokijua kwa manufaa ya wengine si kujitembeza: andika kuhusu kosa linalowagharimu mawakala kwenye hati zao, au mwezi wa kupiga picha za ufuo, na atakayehitaji atakujua. Kinachochosha watu ni kurudiwa kwa "karibuni wateja" kila asubuhi, na hapo nawaelewa wazee.

Nikibobea, nipandishe bei?

Ndiyo, ila polepole na kwa wateja wapya kwanza. Bei ya mtu anayefanya kila kazi hulinganishwa na bei ya kila mtu. Bei ya mtu anayejua jambo mahsusi hulinganishwa na hasara anayoizuia. Omba arubuni, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Mteja anayekataa kabisa kutoa arubuni anakueleza mapema namna atakavyolipa salio.

Binamu na majirani wanataka bure. Nifanyeje?

Undugu hautaisha, basi uuwekee mpaka. Amua ni kazi ngapi za ndugu utafanya kwa mwaka, zote ziwe ndani ya eneo lako ili angalau zikujengee jina, na kila moja uiandikie ankara inayoonyesha bei kamili na punguzo ulilotoa. Aliyepewa punguzo kwa maandishi hutaja bei halisi akikusifu kwa mwenzake.

Hoteli hazina pesa Aprili hadi Juni. Eneo la msimu si hatari?

Ni hatari kama unauza kinachohitajika msimu wa wageni pekee. Masika ndiyo meneja ana muda wa kukaa nawe: kurekebisha tovuti, kuandika upya maelezo ya vyumba, kupanga matangazo ya Agosti na Desemba. Pendekeza malipo madogo ya kila mwezi kwa mwaka mzima badala ya makubwa ya mara moja. Na usitegemee hoteli moja kwa zaidi ya nusu ya kipato chako.

Je, ninaweza kuhudumia hoteli mbili zilizopakana?

Swali hili huja kwa kila anayebobea, na ni dalili njema. Waambie wote wawili kabla ya kuanza. Kazi kama picha au tovuti hazina shida. Kazi inayokufanya ujue bei za msimu ujao na wateja wakubwa wao ni tofauti: hapo chagua mmoja katika mtaa huo, na yeye alipie upekee huo. Mombasa ni mji mdogo. Siri ya hoteli moja ikisikika kwenye nyingine, jina lililojengwa miaka mitatu linaondoka kwa simu moja.

Akili unde (AI) inaandika, inachora, inatafsiri. Kubobea bado kuna maana?

Kuna maana zaidi kuliko awali. Maandishi ya jumla sasa ni rahisi kupatikana. Kisichopatikana kirahisi ni mtu aliyesimama bandarini akamwuliza karani kwa nini mzigo umekwama, au anayejua kwamba neno fulani kwenye tangazo la Ramadhani litawaudhi watu wa mtaa fulani. Tumia zana hizo kwa rasimu, na umweleze mteja kwamba unazitumia. Kwa hati zake za siri, usiziweke humo bila ruhusa yake.

Kodi je?

Uwe na PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na upeleke ritani ya kodi kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha. Kampuni zitakuomba ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu 2024 matumizi yasiyo na ankara ya kielektroniki hayakubaliwi wanapokokotoa kodi yao; frilansa aliye nayo tayari huwapita wengi. Kwa ada za kitaalamu, kampuni hukata asilimia 5 na kuiwasilisha KRA kwa jina lako, basi dai cheti cha makato hayo. Kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3, ya biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, haihusu ada za kitaalamu, kwa hivyo hakikisha kazi yako inaangukia wapi kabla ya kuichagua.

Nitajuaje kwamba nimechagua vibaya, na nitabadilishaje bila kupoteza jina?

Jipe miezi sita ya kujitangaza kwa jambo hilo moja kwa bidii. Kama katika muda huo watu wanakusifu lakini hakuna aliyetoa pesa, shida haina mlipaji. Kama wanalipa lakini kila simu yao inakukunja uso, kundi halikufai. Ni sababu mbili tofauti na tiba zake ni tofauti: ya kwanza badilisha huduma ubaki na watu, ya pili badilisha watu ubaki na huduma. Usivibadilishe vyote kwa pamoja.

Unapohama, usifute ya zamani usiku mmoja. Waandikie wateja wako wa sasa kwanza, mmoja mmoja, uwaeleze utamalizia nini na utawaelekeza kwa nani. Kisha badilisha ile sentensi yako moja kila mahali ilipo siku hiyo hiyo: tovuti, WhatsApp, LinkedIn, sahihi ya barua pepe. Kazi za zamani zihamishie ukurasa wa ndani, na za mbele ziwe mbili tatu za eneo jipya, hata kama ni za mazoezi.